Nimeshasomewa Dua ya Safari, Kibali Sina

Mpendwa Bi Zuhra, shikamoo. Naomba msaada wako kabla furaha haijanitoa roho, maana hii ni wiki ya tatu silali vizuri, si kwa ugonjwa bali kwa raha, na raha yenyewe sasa imeingia mdudu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Salale kule kwenye mikoko, nimeolewa Kibiti mjini, ni mwajiriwa wa serikali, afisa uvuvi, wenyewe wananiita bibi samaki. Jina langu nisitirie, na ya wenzangu yabadilishe. Kwa miaka minne nimekuwa nikifanya kazi na kina mama wa kwetu, kiongozi wao ni mama yangu mzazi, Mwanamina, tunapanda mikoko kwenye majaruba ya mpunga yaliyoachwa baada ya maji ya chumvi kuingia, na Bi Zuhra wewe acha tu, mikoko imeshika, imefika kiunoni, mingine imenipita kimo, na kamba wamerudi kwenye vijito ambavyo watu walishavikatia tamaa. Mwaka jana nilieleza habari hiyo kwenye semina moja Dar es Salaam, nikashuka jukwaani, nikala wali wao, nikarudi nyumbani nikasahau.

Kumbe kuna watu hawakusahau. Nilikuwa kwenye boti natoka Nyamisati naenda kwetu, mtandao ukakamata kidogo, simu ikalia, kufungua naona barua pepe, naalikwa Vietnam! Siku kumi! Mkutano wa watu wanaoishi kwenye delta, na Wavietnamu nao wana delta yao yenye mikoko na kamba na mpunga kama sisi, wanataka nikaeleze kazi ya kina mama wa Salale, tiketi wanalipa wao, malazi wao, chakula wao. Nilipiga ukelele mpaka nahodha akazima injini akidhani mtu kadondoka majini. Nikajibu palepale botini kwamba nakuja inshallah. Kwetu mtu akikualika humwachi akisubiri jibu, utaonekana umemdharau.

Mama alipopata habari alisimama, akakaa, akasimama tena. Ijumaa iliyofuata alichinjwa beberu, ukapikwa wali wa nazi, Maalim Shaabani wa madrasa akanisomea dua ya safari, wazee wakanishika kichwa mmoja mmoja, kina mama wa kikundi wakawa wanalia na kucheka kwa pamoja, na mmoja akanivuta pembeni akaniambia, "Ukawaambie mwanangu, sie ndio tuliopanda kwa mikono yetu, wasije wakadhani imejiotea." Wakanifungia na kamba wakavu kilo tatu niwapelekee wenyeji wangu. Na kwa desturi ya ukoo wetu, aliyeagwa kwa dua hageuki nyuma, akirudi bila kusafiri wanasema kawafungia njia wote watakaomfuata.

Jumatatu nikaingia ofisini kwa mkuu wangu wa idara, nimwite Bwana Haidari, nikamwambia kwa furaha, "Bosi, naomba ruhusa, nasafiri kwenda Vietnam kikazi." Akafurahi kweli, akanipa mkono, halafu akauliza, "Kibali chako kimetoka lini?" Nikamwambia, "Kibali gani tena bosi, mbona mimi sigusi hela ya halmashauri, nalipiwa kila kitu?" Akavua miwani. "Nani alikwambia kibali ni cha nauli? Wewe ni mtumishi wa umma, unakwenda nje ya nchi kusema habari za kazi yako. Ombi lilitakiwa lipite kwangu, liende kwa mkurugenzi, lipande juu huko serikalini, na linaombwa mapema. Wewe umejibu kama kadi ya harusi ya binamu yako!" Akasema nimletee barua ya maombi haraka tujaribu, lakini hakuniahidi kitu.

Bi Zuhra, nakwambia ukweli mtupu, hiyo barua sijaiandika. Siku sita zimepita. Naogopa nikiomba nikanyimwa, basi nimefungwa mlango, maana hata kwa siri sitaweza tena kwenda. Mwenzangu mmoja ofisini, Faraji, akanicheka sana, akaniambia, "Acha ushamba dada'angu, chukua likizo yako ya mwaka, paspoti unayo, uwanja wa ndege ukiulizwa sema unaenda kununua nguo za biashara. Nani atajua?" Nikajaza fomu ya likizo, na pale wanapouliza mahali utakapokuwa nikaandika Salale. Fomu ninayo kwenye mkoba, bado saini tu. Mume wangu Miraji ni fundi pikipiki, mtu wa maneno machache, akaisoma akaniuliza, "Ofisini wakipiga simu kukuulizia, mi niwajibu nini? Na mama naye aseme uko kwake?" Nikamnunia siku mbili.

Zimebaki siku ishirini na mbili. Sanduku la magurudumu nimeshanunua, nalivuta sebuleni watoto wanashangilia, hotuba yangu ya dakika kumi na mbili naijua kwa moyo, Kiingereza changu nimekipiga pasi mpaka kinang'aa, sijapanda ndege tangu nizaliwe na kwetu hakuna aliyewahi kuvuka bahari kwa kazi ya serikali. Nichukue likizo niende, au nibaki nife kwa aibu? Kazi naipenda na safari naipenda, na zote mbili naona zinanitoka. Nisaidie haraka.

Mimi, Bibi Samaki, Kibiti.

*

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilipiga kigelegele peke yangu mpaka jirani akachungulia dirishani. Mara ya pili nikatafuta fimbo. Jina lako nimelisitiri kama ulivyoomba, na ya wenzako nimeyabadilisha, ingawa bibi samaki aliyechinjiwa beberu Salale sidhani kama wako wawili. Kwa hiyo ujue kwamba mkuu wako naye huenda analisoma gazeti hili, na ni heri akusikie kwa mdomo wako kabla hajakusoma kwa kalamu yangu.

Kwanza hongera. Ninaisema kwa moyo wote. Umekaa na kina mama kwenye tope miaka minne, na dunia imekuona. Furaha yako isikutie haya hata kidogo.

Sasa nikukaripie. Mimi kabla ya kushika safu hii nilikaa masijala ya serikali miaka ishirini na sita. Mafaili ya safari za nje yamepita mikononi mwangu, ya waliokwenda wakarudi na zawadi, na ya waliokwenda kwa mlango wa nyuma wakarudi wakakuta barua ya kujieleza inawasubiri mezani. Hao wa pili wote walikuwa na Faraji wao. Muulize huyo kaka, siku utakapoitwa kwenye kamati ya nidhamu, yeye atakaa kiti gani? Atakuwa kantini anakunywa chai.

Hiyo fomu ya likizo ichane leo. Usiikunje ukaiweka, ichane. Likizo ni ya kupumzika, na wewe huendi kupumzika, unakwenda kusimama mbele ya watu kueleza kazi uliyoifanya kwa mshahara wa serikali. Ukiandika Salale na mguu uko Vietnam, umeweka saini kwenye uongo, na uongo huo hautakaa peke yake. Miraji atapaswa kuutunza, mama yako atapaswa kuutunza, na picha zako za mkutano zitapaswa kufichwa, wakati waandalizi watakuwa wameshazirusha mtandaoni saa ileile ukiwa bado jukwaani. Faraji aliuliza nani atajua? Dunia nzima itajua, maana si ndiyo uliyoalikwa kusema nayo? Mumeo alikuuliza swali la mtu mzima ukamnunia. Nenda kamwombe radhi, na chai ya leo umpikie wewe.

Jambo la pili. Umeshika vibaya hili la nani analipa. Wengi wanalikosea, si wewe tu, na wanaona wameokoa hela ya umma kwa hiyo hakuna wa kuwauliza. Aliyekukatia tiketi hajawa mwajiri wako. Mwajiri anataka kujua unakwenda wapi, kwa nani, kusema nini, kwa siku ngapi, utaleta faida gani, na nani atashika kazi zako wakati hupo. Hata yakikupata ya kukupata huko ugenini, ni nani atakayeulizia habari zako kama kwenye faili uko Salale umelala?

Umesema unaogopa kuomba usije ukanyimwa. Mwanangu, hapo umejihukumu mwenyewe. Anayekwepa kuuliza kwa sababu anaogopa jibu ameshalijua jibu. Na mkuu wako hakukufukuza, alikupa mkono, akakwambia lete barua. Mlango ulikuwa wazi siku sita, wewe uko sebuleni unavuta sanduku!

Haya, amka. Saa moja na nusu asubuhi uwe mlangoni kwa Bwana Haidari, kabla hajaanza vikao. Usianze na visingizio. Mwambie, "Nilikosea, nilijibu mwaliko kabla ya kuomba ruhusa, naomba unisaidie kuliweka sawa." Barua ya maombi iwe mkononi tayari, imeelekezwa kwa mkurugenzi kupitia kwake. Ambatisha mwaliko wenyewe, ratiba ya mkutano, maandishi yanayoonyesha nani anagharamia nini, ile hotuba yako, na jina la mwenzako atakayekaimu. Andika wazi faida ambayo halmashauri itaipata, na usiandike "kujifunza mambo mbalimbali" kama watu wavivu. Andika mikoko, andika kamba, andika majaruba yaliyokufa yakafufuka. Kisha uliza waraka unaotumika sasa unasemaje kuhusu muda na njia ya kutuma ombi, maana taratibu hubadilika na mimi nimestaafu. Barua ikishatoka mezani ifuatilie kwa adabu kila siku. Faili halina miguu.

Mchana huohuo waandikie wenyeji wako. Waambie umefurahi mno, lakini wewe ni mtumishi wa umma na kuja kwako kunategemea kibali, na uliharakisha kujibu. Waombe wamwandikie mwajiri wako barua rasmi, wakwambie siku ya mwisho ya kuthibitisha, na kama mambo yatachelewa wakuruhusu uhutubie kwa njia ya video. Watu wa mikutano wanayajua haya. Hawatakudharau, watakuona mtu mwenye utaratibu. Zile kilo tatu za kamba wakavu usizitie kwenye begi mpaka umeuliza sheria za kutoka nazo hapa na za kuingia nazo kule. Bibi samaki kukamatwa na samaki uwanja wa ndege itakuwa aibu ambayo hata mimi sitaweza kukutetea.

Na Salale uende mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Mwambie mama yako ukweli wote, na Maalim Shaabani awepo. Najua ukoo wenu unasema aliyeagwa hageuki nyuma, na desturi ya watu siibezi. Lakini muulize Maalim, dua ile iliombwa kwa ajili ya nini, kwa ajili ya kupanda ndege au kwa ajili ya kwenda salama na kurudi salama? Kama ilikuwa ya salama, na bado hujaweka saini kwenye ile fomu, basi hiyo dua imeshaanza kufanya kazi. Haina tarehe ya mwisho kama tiketi.

Ukipata kibali, nenda, na ukirudi andika taarifa yako mapema kabla hujaanza kugawa zawadi. Ukinyimwa, utalia, na mimi nitakuja Kibiti tulie wote. Ila utabaki na kazi yako na jina lako safi, na mwaka ujao wakialika tena utaomba mapema ukiwa na rekodi nzuri. Aliyefukuzwa kazi haalikwi na mtu.

Nimalizie na hili. Kwenye mikutano ya namna hiyo, mbele ya kila kiti huwekwa kibao kidogo chenye jina la nchi. Chako kitaandikwa Tanzania. Ukienda kwa kujiiba, utakaa nyuma ya kile kibao ukiomba Mungu asitokee Mtanzania mwingine ukumbini, na maneno ya wale kina mama utayasema kwa sauti ndogo. Ukienda na kibali, utakuwa umetumwa, na nataka uende hivyo tu. Mtu aliyetumwa hanong'oni.

Bi Zuhra