Kujisifu kwa Kiingereza

Jumatatu, 9 Juni
Uji umefurika motoni tena. Nilikuwa narudia Kiingereza cha usaili, Upendo yuko mgongoni ananivuta kilemba. Hatifungani nimeielewa: unaikopesha serikali au kampuni, inakupa riba, mwisho inakurudishia chako. Hiyo naieleza kwa Kiingereza hata kwa mbuzi. Ijumaa benki inakuja kuchagua mtu wa kumfundisha kazi ya uwekezaji. Kidato cha nne wanapokea, mradi Kiingereza. Nafasi moja, Lushoto nzima. Naitaka.

Jumanne, 10 Juni
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Kwenye darasa la Kiingereza mwalimu kanisimamisha, eti jieleze kama uko kwenye usaili. Nikasema mimi ni Mama Upendo, mume wangu Yona analima kabichi Kwai, mama mkwe ni mzee wa kanisa. Nikakaa.

"Mama Upendo, benki inamwajiri nani? Wewe, kabichi, au mama mkwe?"

Wakacheka wote. Anataka niseme mimi hodari, nawapita wenzangu. Nani kwetu anasema hivyo? Unasubiri usifiwe. Yeye wa Tanga mjini atajua nini! Nimemchukia. Na kinachoniudhi zaidi, kasema kweli.

Alhamisi, 12 Juni
Nilifanya mazoezi jikoni, kwa sauti. Mama mkwe akauliza nasema nini. Mimi mjinga nikamweleza.

"He! Yona, njoo usikie! Mkeo anajiposa mwenyewe!"

Yona akacheka. Yona huyu huyu aliyeniambia nisome. Kicheko chake kinauma kuliko cha darasa zima. Mama mkwe akasema kesho hatamshika mtoto, mimi si najiweza? Sawa. Nitambeba. Sikula nao.

Ijumaa, 13 Juni
Watu wa benki walikuwa watatu. Nikawaamkia shikamoo, goti likajipinda lenyewe. Mzee mmoja kati yao akaitikia marahaba, baada ya hapo ni Kiingereza tu. Kwa nini tukuchukue wewe? Nikatazama sakafu. Upendo akaanza kulia mgongoni. Nikamkumbuka Yona anavyocheka, damu ikapanda, nikainua uso.

Nikasema. Kwamba pale sokoni Soni akina mama wasio hata ndugu zangu wananiachia mboga zao niwauzie, kwa kuwa nauza vizuri na siibi. Kwamba nashika mambo haraka. Kwamba mimi ni hodari. Nilisema kama mtu anayegombana. Kiingereza kilikuwa kinachechemea. Sikuomba radhi.

Nyumbani hakuna aliyeniuliza kitu. Na wasiulize.

Jumatano, 18 Juni
Benki wamepiga simu. Nimepata. Mafunzo ni Tanga, miezi mitatu, bila mtoto. Naondoka Jumapili.

Nilidhani ningepiga vigelegele.

Yona kanisaidia kuteka maji. Jioni mama mkwe kaleta jani la mshubiri, sikumwomba. Kalipasua mwenyewe, kanipa. Nikapaka utomvu wake mchungu kwenye titi, mtoto aache kunyonya.

Upendo kaonja. Kaliachia. Kanitazama tu.

Nimemfunga vizuri kwenye khanga. Ukungu umeingia mpaka ndani.