Babu Yako Amepelekwa Coventry

Mjukuu wangu Lorna,

Mimi mzima, magoti tu. Kabichi zangu zimeliwa na konokono, na mwandiko wako bado unatia aibu.

Umeuliza mbona babu yako haandiki. Amepelekwa Coventry. Usikimbilie ramani kuutafuta mji huo, hajatoka hapa kijijini! Huku Uingereza mtu akisuswa na wote, asipewe hata salamu, ndivyo tunavyosema. Huko Australia mmeshasahau. Wakati wa mgomo alirudi mgodini kabla ya wenzake, apate makaa ya kuwasha moto, kwa sababu nilikuwa naumwa kifua. Sasa ni mwaka. Akiingia dukani, watu wanageukia ukuta.

Na mimi pia nilimsusa. Baba yangu aligoma maisha yake yote. Sikutaka kuitwa mke wa msaliti. Nilimpikia, nikamfulia, lakini maneno nilimwambia mbwa: "Mwambie huyo chai iko mezani."

Jumapili moja nilishindwa. Nikasema, "Norman, we mzee mkaidi, njoo ule." Akanitazama kama anayetazama dirisha, akavaa kofia, akatoka. Tangu siku hiyo namsemesha asubuhi hadi jioni, natukana, nabembeleza. Hajibu.

Mpigie simu, Lorna. Wewe hukumsusa. Usiseme nimekutuma. Nitakaa jikoni kimya, nisikie tu sauti yake.

Bibi yako, mkaidi kuliko yeye,
Hilda