Lawama za Bi Deki

4 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi umenihama. Je, wewe? Masikio yanaendeleaje, na yale matone unayaweka au umeyapanga dirishani kama pambo? Ningekupigia simu, lakini hili si la kusema kwa sauti mpaka majirani wasikie.

Unajua kazi yangu hapa hospitali: kompyuta zote zimeunganishwa. Daktari akiandika dawa wodini, duka la dawa wanaiona kabla mgonjwa hajainuka kitini. Majibu ya maabara yanakwenda yenyewe. Sasa juzi Jumatatu asubuhi vyote vikanyamaza. Kompyuta zinawaka, lakini hazipelekeani kitu. Foleni ikatoka mapokezi mpaka getini. Watu wa maabara wakaandika majibu kwenye vipande vya karatasi na kukimbia navyo. Upasuaji wa watu wawili ukaahirishwa, mmoja mama aliyekuwa ameshavalishwa gauni.

Mkuu wa kitengo akafungua chumba cha mitambo, akakuta sakafu mbichi. Bi Deki, mama anayesafisha korido yetu, alikuwa ametoka kupiga deki. "Umeimwagia maji mitambo!" akamfokea. Yule mama akasema, "Sijagusa kitu, bosi." Akaambiwa aache ndoo hapohapo, akae nyumbani mpaka aitwe.

Mama, hayakuwa maji. Asubuhi ile nilikuwa napanga waya mle chumbani, huku naongea na simu. Waya mmoja nikauchomeka ncha zote mbili kwenye kisanduku kilekile kinachogawa mtandao. Ujumbe ukitoka unarudi, unatoka tena, unaongezeka, mpaka njia nzima ikaziba. Niliugundua baada ya kuhangaika muda mrefu. Nikauchomoa, nikautia mfukoni. Mtandao ukarudi, watu wakanipigia makofi. Mkuu akasema, "Bila huyu binti tungelala hapa." Nikatabasamu, Mama. Hilo tabasamu ndilo linaloniuma.

Nifanyeje? Nikisema, kazi naweza kuikosa.

Mwanao,
Kitinda


13 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Masikio ni yaleyale, na matone naweka, usinichokoze.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Sitakutukana, umeshajitukana vya kutosha. Nimekaa masjala ya hospitali miaka ishirini na sita, nikibeba mafaili mikononi kabla ya mitandao yenu. Najua mtu anavyokosea akiwa na haraka. Lakini yule mama yuko nyumbani kwa sababu yako, na kila siku unayonyamaza unamfungia mlango upya.

Usianze kwa mkuu wako. Anza kwake. Nenda ukamwambie kwa kinywa chako kabla hajasikia kwa watu. Usibebe zawadi, ataona unamnunua. Kisha ndipo uende kwa mkuu.

Na ule, tafadhali. Najua ukiwa na jambo hata jiko huliwashi.

Mama yako


20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Wiki tano sasa kimya. Nikienda posta, yule karani anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Kama hukwenda, niambie tu. Kama ulikwenda na mambo yakaharibika, rudi nyumbani. Chumba chako kipo, nitatoa cherehani. Usininyamazie.

Mama yako


9 Mei

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Sikuwa mgonjwa, niliogopa. Mara mbili nilifika mpaka mlangoni kwa Bi Deki nikageuza. Barua yako ilinikuta Jumatatu ya wiki iliyopita, Jumanne nikagonga.

Alifungua mwenyewe, mikono ina povu, alikuwa anafua. Nikasema yote palepale kizingitini. Hakushtuka.

"Nilijua," akasema. "Miaka tisa napiga deki chumba kile kwa tambara lililokamuliwa. Na aliyeingia kabla yangu ni wewe peke yako."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe una kitambulisho shingoni, mimi nina ndoo." Akarudi kwenye beseni. "Wiki nane, binti. Mume wangu anadhani niliiba kitu."

Nikashika upande wa pili wa shuka, tukakamua pamoja. Kisha akasema, "Haya, nenda ukaseme na huko."

Nikaenda kwa mkuu, nikamweleza yote. Halafu akasema, "Umenifanya nimdhulumu mtu mzima." Akaniamuru niandike maelezo, yakatumwa kwa mtandao uleule kwenye kila kompyuta: wodini, maabara, stoo, mapokezi. Siku hiyo kila nilipopita watu walikatiza maneno.

Sikufukuzwa. Nimeondolewa chumba cha mitambo kwa miezi sita. Nakaa mapokezi nikiwasaidia waliosahau nywila zao. Sasa hakuna anayegusa waya peke yake, na visanduku vimewekewa kinga: ujumbe ukianza kuzunguka, njia ile inajifunga. Kinga hiyo ilikuwepo siku zote, Mama. Hatukuwahi kuiwasha.

Bi Deki amerudi. Mkuu alimfuata nyumbani kumwomba radhi, na mumewe akiwepo. Mimi bado haniitikii salamu. Namsalimia kila asubuhi.

Mwanao,
Kitinda


20 Mei

Kitinda wangu,

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi, halafu nikakaa jikoni nikalia, na sababu yake si wewe.

Ulipokuwa mdogo, faili la mgonjwa mmoja lilipotea masjala. Daktari alilitaka haraka, mimi nikasema mwenzangu wa meza ya pili ndiye aliyelishika mwisho. Akahamishiwa kituo cha mbali, na mtoto bado ananyonya. Baada ya mwezi nililikuta nyuma ya kabati langu. Nikalirudisha mahali pake kimyakimya. Nilipostaafu wakanikatia keki, wakasema sijawahi kupoteza hata karatasi.

Nilikwambia uende ukagonge mlango. Mimi mwenyewe sikuwahi.

Nimeulizia kwa wastaafu wenzangu. Yu hai, anaishi na binti yake, saa tano kwa basi kutoka hapa. Nimekata tiketi ya Ijumaa. Sijui kama atanifungulia. Asiponifungulia siku hiyo, nitalala nyumba ya wageni nigonge tena kesho yake.

Kwa hiyo usiniandikie mpaka nikuandikie tena. Sitakuwa nyumbani.

Mama yako