Siku Walipokuita kwa Kipaza Sauti

Mama Neema,

Mke wangu, leo ni siku ya tatu tangu Sikukuu ya Uhuru na mvua haijakatika. Unaijua Tukuyu yako. Nimechana karatasi mbili za katikati kwenye daftari la Neema, atanisamehe. Sina mwingine wa kumwambia haya. Dada zangu nikiwaambia watasema ndiyo maana wanaume hawaachiwi watoto, na safari hii watakuwa na haki.

Nianze na ya huku. Kiwanda cha chai kimepata mwenyewe mwingine, na wengi tumepunguzwa. Sasa nauza mitumba, hapa mjini na kwenye mnada wa Kiwira, mimi niliyekuwa nakucheka ulipokuwa ukichagua vigauni vya Neema. Siku hizi kila kitu ruksa: soda zimejaa madukani, sabuni unachagua rangi. Wewe uliyepanga foleni ya sabuni na mimba ya Neema tumboni hukukaa uyafaidi. Hilo linaniudhi kuliko ninavyoweza kueleza.

Neema alichaguliwa kucheza halaiki ya sherehe. Alinisihi twende uwanjani, nami nilikuwa sitaki, kwa kuwa mwaka jana tulikwenda wote wanne, ukambeba Lusajo mgongoni, ukaimba wimbo wa taifa kwa nguvu mpaka nikaona haya. Lakini watoto wana kosa gani? Nikafua soksi, nikakaanga ndizi, nikamvisha Lusajo shati lake jekundu, tukatoka.

Kuna jambo hulijui. Lusajo hakujua kwamba umekufa. Siku gari la wagonjwa lilipokuchukua kwenda Mbeya, aliwaona wauguzi wawili wakikupandisha. Tulipokuzika kwetu Masoko, kwenye migomba ya baba, dada yangu mkubwa alimficha kwake Masukulu. "Mtoto mdogo haambiwi msiba," alisema, "atasahau mwenyewe." Hakusahau. Kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi nikajibu uko hospitali, unapata nafuu. Mwezi mmoja, miwili, saba. Neema nilimkataza kusema. Mtoto wa miaka tisa, nikamfunga mdomo.

Uwanja ulifurika. Gwaride likapita, kwaya zikaimba, halafu halaiki ikaingia na Neema wetu mstari wa mbele, kitambaa cha kijani mkononi. Nikanyoosha shingo. Nikauachia mkono wa Lusajo ili nipige makofi. Makofi tu, Mama Neema. Niliposhusha macho, hayupo.

Nilimtafuta chini ya viti, kwa wauza maandazi, kwenye vyoo, huku mgeni rasmi akihutubia. Baadaye ndipo nilipoelewa. Wafanyakazi wa hospitali walipita wakiandamana na sare zao nyeupe, na mwanao akaona watu wanaojua ulipo. Akawafuata. Wao wakampeleka jukwaani, akaulizwa jina la mama yake. Akalitaja bila kusita, maana wewe ndiye uliyemkaririsha siku za soko: ukipotea, sema jina langu, usilie.

Kipaza sauti kikakoroma. "Tunaye mtoto wa kiume hapa, shati jekundu. Anasema mama yake anaitwa Tupokigwe. Mama Tupokigwe, popote ulipo, njoo umchukue mtoto wako."

Mara tatu walikuita. Jina lako sikuwa nimelisikia likitajwa kwa sauti tangu siku ya mazishi. Nikasimama pale kana kwamba na mimi ninangoja utokee. Bibi mmoja kando yangu akasema, "Mama gani huyo, amesahau mtoto kwa ajili ya ngoma!" na watu wakacheka. Nilitaka kumpiga. Mungu anisamehe, ni bibi wa watu.

Nilipofika jukwaani, Neema alikuwa amenitangulia. Lusajo hakuwa analia. Alikaa kwenye ngazi akitazama watu, mmoja mmoja. Nikamshika mkono, akauchomoa. "Wamemwita," aliniambia. "Amesikia. Anakuja."

Watu wakatawanyika. Mvua ikaanza, wakakusanya viti, wakashusha vipaza sauti, sisi tupo. Nikamnunulia soda, akaikataa. Nikafungua mdomo nimwambie tena kwamba uko hospitali. Naapa, neno lilikuwa limeshafika ulimini. Neema akaniwahi. Akachuchumaa mbele yake, sare ya halaiki imelowa chapachapa.

"Mama alikufa, Lusajo. Yuko Masoko, kwenye migomba. Baba anajua."

Hakusema kwa ubaya. Lusajo akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa. Hata hapo hakulia. Akauliza, "Shati nani alileta?" Maana nilikuwa nimemwambia umemtumia wewe. Nililitoa kwenye robota langu la mitumba, nikalipiga pasi, nikamwambia mama anakusalimu. Nikajibu kwamba nililileta mimi. Akalivua palepale kwenye mvua, akanipa.

Tangu siku hiyo haniulizi kitu. Nikimwambia chai ni ya moto, anamtazama Neema kwanza. Jana nilimwambia nakwenda mnadani, nitarudi jioni. Akanisindikiza hadi barabarani, na niliporudi nikamkuta hapohapo, Neema anamfunika na khanga yako. Hakunikimbilia. Alihakikisha tu kwamba nimerudi, akaingia ndani.

Nilidhani ninamkinga. Kumbe kwa miezi saba nilikuwa nikimzoesha kutoniamini, na sasa sina neno la kumpa akalipokea. Watu wanasema ni mtoto, yatapita. Waliniambia hivyohivyo ulipougua. Nimechoka, mke wangu. Naamka kwa sababu kuna uji wa kupika, si kwa sababu nyingine.

Jumapili nitawapeleka Masoko wote wawili. Sitegemei lolote. Aone ulipo, basi.

Pumzika, Tupokigwe wangu. Sina zawadi ya kukuletea zaidi ya ahadi moja, nayo inanitoa roho. Akiniuliza tena kama unarudi, nitamwambia hurudi. Akiuliza kila siku, nitamwambia kila siku. Nataka hilo ndilo liwe neno la kwanza atakaloliamini kutoka kwangu.

Ni mimi,
Baba Neema