Taa ya Bluu Chumbani kwa Mama Mkwe

Dada Esnath, shikamoo. Mimi naitwa Tulia, ni mkulima wa Ikuti, nina mume na mtoto mmoja wa kike, na safu yako huwa naisoma kila gazeti linapofika dukani kwa jirani, ila sikudhani kama siku moja ningeandika mimi. Nimekaa na jambo hili mpaka kichwa kinauma, na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Mama mkwe wangu, mama Anyosisye, alianza kukohoa tangu mvua zilipoanza, sisi tukawa tunasema ni baridi yetu hii ya Rungwe, akanywa tangawizi, akanywa majani ya kila aina, mpaka alipokonda na kuanza kutoa makohozi yenye damu ndipo mume wangu Ackson akampakia kwenye bodaboda wakaenda hospitali, wakampima wakakuta ni TB. Akaanzishiwa dawa, na nesi akatuambia madirisha yawe wazi, na mama amalize vidonge vyake vyote hata akijisikia mzima. Mimi nilimshukuru Mungu kwamba ugonjwa umejulikana, lakini mume wangu aliingiwa na hofu ambayo sijawahi kuiona kwake, maana baba yake alikufa kwa kifua hicho hicho Ackson akiwa bado anasoma shule ya msingi, na alimwona akiondoka kidogo kidogo.

Sasa Ackson hupeleka ndizi Mbeya, na siku moja alirudi amebeba taa ndefu ameifunga kwenye gazeti kama mtoto mchanga. Akasema ni taa ya UV, yaani ya mionzi, aliyemuuzia amemwambia hospitali kubwa zinaitumia, inaua vijidudu vyote chumbani na haina madhara kwa sababu ni mwanga tu, haina hata joto. Akaifunga ukutani juu ya kitanda cha mama yake. Ilipowaka chumba kizima kikawa cha bluu, na ikatoa harufu fulani kali, akaniambia, "Unasikia hiyo? Ndiyo wadudu wanakufa."

Mwanzoni alikuwa anaiwasha mama akiwa nje anaota jua, lakini mvua ilipokaza mama akawa hatoki, naye akaanza kuiwasha kila jioni mama akiwa kitandani humo humo. Na dirisha akalifunga, akagongelea na turubai, anasema baridi itamuua mama na mionzi itatoka nje bure. Nikimwambia nesi alisema dirisha liwe wazi ananijibu, "Nesi alisema hivyo kwa watu wasio na taa."

Haikupita wiki mama akaanza kulalamikia macho. Anaamka macho mekundu, yanatoa machozi, anasema ni kama mtu amemtia mchanga, na uso umekuwa mwekundu unabambuka. Akasema ni vidonge vinamchoma kutoka ndani. Siku natandika kitanda chake nikavikuta vidonge vya siku nyingi chini ya godoro, ameacha kumeza. Nilipomuuliza alinishika mkono akasema, "Mwanangu, usimwambie nesi. Bora nife na TB nikiwa naona, kuliko kupona nikiwa kipofu."

Nikamwambia mume wangu. Unajua alichonijibu? "Mwache apumzike kidogo na hizo dawa. Taa si inafanya kazi ile ile?"

Sasa mtoto wetu Atuganile tumemkataza kuingia kwa bibi yake, lakini anampenda, na ile bluu inamvutia, kumbe siku moja jioni aliingia akakaa kitandani akisimuliwa hadithi, na kabla hakujakucha aliamka analia hawezi kufumbua macho, macho yale yale ya bibi yake. Dada, Atuganile hamezi kidonge chochote. Hapo nilielewa. Nikamwambia Ackson ni taa, akasema ni moshi wa jikoni, nilipozidi kusema akafoka, "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemchoma mama yangu? Unataka ukoo wote usikie hivyo?" Tangu hapo hatuongei vizuri, na taa inaendelea kuwaka. Nikienda kwa nesi nimemsaliti mama mkwe na kumwaibisha mume wangu mbele za watu, nikinyamaza mama hamezi dawa. Nimefikiria hata kumchukua mtoto niende kwetu Matwebe, lakini mama nitamwacha na nani? Nisaidie, dada yangu, nifanye nini?

Tulia, Ikuti

JIBU

Tulia mdogo wangu, marahaba. Barua kama yako haisubiri gazeti litoke. Uliandika namba ya simu chini yake, nikakupigia siku ile ile, na haya ninayoyaandika umeniruhusu mwenyewe, kwa sababu uliniambia jirani zako nao wameanza kuulizia taa hiyo inauzwa wapi. Majina nimeyabadilisha yote. Nilikuambia zima taa sasa hivi, toa turubai dirishani, kisha mpeleke mama na mtoto kliniki na useme kila kitu. Uliniuliza, "Hata vidonge?" Nikakujibu vidonge ndiyo vya kwanza.

Nawe ninakugombeza kidogo. Ulipoelewa kuwa ni taa, ulikaa unafikiria ukoo utasema nini, na swichi iko ukutani. Jambo la kuzima taa inayochoma macho ya mtoto halihitaji kikao.

Sasa niwaeleze wote mnaosoma, maana haya nimemuuliza mtaalamu wa afya kabla ya kuandika. Mionzi ya UV inaua vijidudu, hilo ni kweli, na aliyemuuzia Ackson hakudanganya hapo. Alidanganya aliposema haina madhara. Mwanga wenye nguvu ya kuua kijidudu unaunguza macho na ngozi ya mtu pia, na kwa kuwa hauna joto, mtu hajui anaungua. Maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana mama alilaumu vidonge. Waulizeni mafundi wa kuchomelea mageti, wanaijua vizuri hali ya kulala na macho yenye mchanga baada ya kuangalia moto bila miwani. Ile harufu kali haikuwa ya wadudu wanaokufa, ni hewa iliyobadilishwa na taa yenyewe, na kumfungia mtu mwenye mapafu mabovu ndani yake ni kumwongezea kikohozi. Rangi ya bluu nayo haithibitishi kitu, kwa sababu mionzi yenyewe haionekani kwa macho, na zipo taa za bluu zinazouzwa kwa jina hilo ambazo haziui hata mbu. Halafu mionzi inakwenda moja kwa moja. Nyuma ya kabati, chini ya kitanda, kwenye mikunjo ya blanketi, haifiki.

Hospitali zinazotumia taa hizi huzifunga juu karibu na dari, zimekingwa ili mionzi isimfikie aliye chini, na waliozifunga hupima kama kweli haimfikii. Au huziwasha chumba kikiwa kitupu. Na hata huko madirisha hufunguliwa na wagonjwa humeza dawa. Hakuna taa duniani inayoingia kifuani kwa mtu ikaua TB. Kudhani ipo, Ackson, ndiko kulikotaka kumuua mama yako.

Siku ya pili Tulia alinipigia akanisimulia. Alikuwa amezima taa yeye mwenyewe, akamwambia mumewe, "Baba Atu, mimi nawapeleka kliniki. Ukitaka twende wote, ukitaka baki." Ackson akatoka kutafuta usafiri. Kliniki nesi Agness alimtazama mama macho na uso, akamtazama na mtoto, akauliza, "Nyumbani kwenu kuna mtu anachomelea vyuma?" Tulia akafungua mdomo, lakini Ackson alimtangulia. Akasema, "Hapana. Kuna taa. Niliifunga mimi."

Mama Anyosisye akamgeukia mwanawe, akamwangalia kwa macho yale mabovu. "Kwa hiyo siyo dawa?"

"Siyo dawa, mama."

Akasema, "Basi nipeni dawa zangu."

Nesi hakuishia hapo, na nimefurahi hakuishia hapo, kwa sababu katika dawa za TB ipo ambayo kwa watu wachache inasumbua uwezo wa kuona. Alimpima mama kusoma herufi na kutambua rangi, akakuta macho yanaona sawasawa, kilichoungua ni juu tu na kitapona. Mama asingeficha vidonge, angeyajua haya mapema. Makohozi yamechukuliwa upya kwa sababu ya siku alizoruka, na Atuganile amepimwa kifua. Hana TB, lakini amepewa dawa ya kumkinga, nayo imalizwe yote.

Kilichobaki, Tulia, ni hiki. Taa msiiuze kwa jirani, na msiivunje wala kuitupa migombani, ndani ina zebaki. Ifungeni vizuri na mmuulize bwana afya pa kuipeleka. Dirisha likae wazi mchana hata mvua ikinyesha, mwongezee mama blanketi na soksi. Akikohoa afunike mdomo kwa kitambaa. Sahani na vikombe vyake ni kuosha kwa sabuni kama vyenu, TB haisafiri kwa kijiko. Mtoto asilale chumba hicho mpaka nesi aseme imetosha, na mtu anayemeza dawa yake sawasawa hachukui muda mrefu kufika hapo. Siku akiruka kidonge asimeze viwili kesho yake, muulizeni nesi. Matwebe nenda kuwasalimia wazazi, usiende kuhama. Na kwa mumeo usiombe radhi. Ulisema kweli, na yeye mwenyewe aliisema kubwa zaidi mbele ya nesi.

Nawe Ackson, Tulia ameniambia tangu mrudi unapita mlangoni kwa mama yako ukiangalia chini. Ulimwona baba yako akifa, ukaogopa, ukanunua cha kwanza ulichoambiwa kinaokoa. Mtu hafungwi kwa hilo. Lakini mama yako hajauliza taa imekwenda wapi, anauliza kwa nini mwanawe haingii. Kesho asubuhi, kabla hujapakia ndizi, ingia na kikombe cha maji na vidonge vya siku hiyo. Kaa mpaka avimeze. Mwulize amelalaje. Ndipo uende Mbeya.