Mwanafunzi Alikuwa Sahihi, Nikamwambia Arudi Kwao

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na jina langu lisitoke, maana Kibondo tunajuana.

Mimi ni Mha wa hapa hapa, mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mwezi uliopita nilikuwa nafundisha kidato cha nne sentensi za masharti, zile za kama ningekuwa ningefanya, nikaandika ubaoni If I would be rich, I would build a house, kama nilivyoandika kila mwaka kutoka kwenye daftari la notisi nililonakili kwa mwalimu wangu mwenyewe, na msichana mmoja, Divine Irakoze, akanyoosha mkono akasema, “Samahani mwalimu, hiyo would ya kwanza haikai hapo.” Nikamuuliza, “Leo wewe ndiye mwalimu?” Akasema, “Hapana mwalimu, ila mama mdogo ni mkalimani kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ndivyo alivyonifundisha,” na sauti moja kutoka nyuma ikasema, “Mwalimu, mpe chaki upumzike!” Darasa zima likaangua kicheko.

Mama, kuchekwa sijazoea. Nilimwambia kama anajua sana arudi kwao Burundi akawafundishe, naye akajibu polepole, “Kwetu Mabamba, mwalimu,” yaani hapa hapa wilayani Kibondo, wakacheka tena, nikamtoa nje apige magoti kwenye kokoto mpaka kipindi kilipoisha, kisha nikamwandikia mkuu wa shule kwamba amenitukana mbele ya darasa, akasimamishwa masomo, na bodi ya shule itakaa tarehe ishirini na nane kuamua kama afukuzwe, wakati mtihani wa taifa ni mwezi ujao. Baba yake, mzee Nkunzimana, alikuja ofisini na cheti chake cha uraia wa Tanzania kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka mezani akasema, “Kama kuna karatasi inayopungua, niambieni niitafute.” Mkuu wa shule hakuelewa anasema nini, mimi nilielewa, nikanyamaza.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari hadi Kasulu, kwa sababu sikutaka mtu wa hapa anione nikitafuta somo langu mwenyewe, nikajifungia maktabani na vitabu vitatu vya sarufi, na vyote vitatu vinasema kama Divine. Miaka kumi na tisa, Mama! Wanafunzi wangu wengine ni walimu sasa, wako Buhigwe na kwingineko, wanaandika ubaoni kosa langu. Usingizi umenipotea. Nimefikiri nimwone mkuu wa shule kimyakimya, nimwombe bodi imsamehe binti, bila kuingia kwenye mambo ya nani alikosea nini. Je, haitoshi?

Mwalimu wa Kiingereza, Kibondo

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwalimu. Haitoshi, na nadhani ulijua hivyo ulipokuwa unaandika.

Tuanze na ubao, kwa kuwa ndio umeueleza kwa kirefu. Kiswahili kinasema ningekuwa tajiri ningejenga, ile nge inakaa huku na huku, na mtu aliyekua na lugha yetu huibeba hivyo hivyo mpaka kwenye Kiingereza. Kiingereza kinaiweka upande wa matokeo peke yake. Upande wa sharti kinatumia kitenzi cha wakati uliopita, ingawa jambo lenyewe halijapita wala halipo: If I were rich, I would build a house. Nami nilifundisha kama wewe miaka minne, hadi mwenzangu wa chumba cha walimu aliponisahihisha, nikamnunia wiki nzima. Nilinuna kwangu, lakini. Sikumpigisha mtu magoti.

Kwa hiyo kosa la sarufi wala lisikukoseshe usingizi. Waandikie wanafunzi wako wa Buhigwe, watacheka kidogo, watarekebisha. Linalopaswa kukukosesha usingizi umelipitia mbio, kama mtu anayepita nyumba ya anayemkwepa.

Ulimwambia mtoto arudi kwao. Akakwambia kwao ni wapi, bila kukutukana, ukaenda ukaandika kwamba amekutukana. Huo ni uongo, mwalimu, una sahihi yako chini, na darasa zima linajua ni uongo, nalo limekaa kimya kwa sababu wewe ndiye unayesahihisha madaftari yao. Halafu baba mtu akatoka Mabamba na karatasi kwenye mfuko, akidhani serikali imebadili mawazo juu ya familia yake. Ulikuwa kwenye chumba hicho hicho. Neno moja tu lingemtoa hofu, ukalimeza! Mimi ningekusamehe vyote vingine kabla ya ukimya huo.

Sasa unataka kumwombea Divine msamaha. Msamaha wa nini? Bodi ikimsamehe, jalada lake litabaki limeandikwa kwamba alimtukana mwalimu ila akaonewa huruma. Utakuwa umemwandika mkosaji mara ya pili, na safari hii utashukuriwa.

Sikiliza basi. Chukua karatasi leo, mwandikie mkuu wa shule, nakala kwa mwenyekiti wa bodi: mwanafunzi hakunitukana, alinisahihisha, alikuwa sahihi, maneno mabaya niliyasema mimi, na uyataje yalivyo. Usiandike “kulitokea kutoelewana”. Omba barua yako ya kwanza ifutwe na mtoto arudi darasani kabla bodi haijakaa. Huenda ukapewa onyo, huenda ukahamishwa. Pokea. Akirudi, mbele ya darasa lile lile, futa sentensi yako, andika iliyo sahihi, useme ni nani aliyekuonyesha.

Kisha nenda Mabamba mwenyewe, usimtume mtu. Ongea na Nkunzimana kwa Kiha chako, yeye atakujibu kwa Kirundi chake, mtaelewana kila neno, na hilo nalo lilipaswa kukufundisha kitu zamani. Mwambie cheti chake hakina kasoro yoyote na hakikuwahi kuulizwa na yeyote. Mwombe radhi, na binti awepo asikie. Usimwombe akujibu.

Huenda wasikupe kiti. Simama, sema ulichoendea, uondoke. Lakini barua yako kwa mkuu na bodi iwe imeshafika kabla hujaenda huko, wakusamehe wasikusamehe. Mtoto ana mtihani mwezi ujao, na kila siku anayokaa nyumbani umemnyang'anya wewe.