Nilimtemea Mwanangu Mate ya Baraka

Shangazi Ubah mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatano, maana Jumatano naitwa tena ofisini na sijui nitawaambia nini.

Mimi ni mama wa binti mmoja, Idil, ana miaka kumi na mitano, tunaishi hapa Borlänge, kwa Waswidi, tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na baba yake tuliachana akarudi zake Hargeisa, kwa hiyo mimi ndiye mama mimi ndiye baba, na Kiswidi changu ni cha dukani tu, kila mkutano wa shule ni Idil anayenitafsiria, na mara ya mwisho akaniambia mwalimu anamsifu sana, nami kwa furaha nikakaanga sambusa nikampelekea yule mwalimu sahani nzima, kumbe mwalimu alikuwa analalamika kwamba mtoto haonekani darasani tangu theluji ianze kuanguka. Ukweli nikaupata kwa jirani yangu Deeqa, kule chumba cha kufulia nguo, mbele za watu. "Yaani wewe umempikia mwalimu sambusa kwa sababu mwanao ni mtoro?" Wanawake walicheka mpaka wakaegemea mashine.

Nilipanda ngazi hasira zimenijaa, nikampiga Idil kidogo kwa ndala, naye akaniambia, "Nitawaambia shuleni, huku watoto hawapigwi," na hapo ndipo ulimi uliponiponyoka, Shangazi, nikamwambia, "Kila mlango utakaougonga, Mungu aufunge usoni pako." Wewe unajua kwetu laana ya mama ni kitu gani. Idil aliganda. Nilitaka kuyameza yale maneno lakini kiburi kikanizuia, nikaingia jikoni nikabandika chai. Kesho yake aliwaambia shuleni, na jioni hakurudi, watu wa ustawi wa jamii wakampeleka kwa familia moja ya Kiswidi, na tangu hapo naruhusiwa kumpigia simu Jumapili tu, na mtu anasikiliza. Namuuliza, "Hooyo," yaani mama, kama tunavyowaita watoto wetu, "umekula nini?" Ananijibu, "Viazi." Basi, tumemaliza.

Wiki iliyopita wakaniruhusu nimwone ofisini kwao, mbele ya Malin, msichana wa ustawi wa jamii anayeshughulikia mambo yetu, na mkalimani alikuwa Msomali mwenzetu lakini yuko mbali, sauti yake inatoka kwenye simu iliyowekwa mezani. Idil amekonda. Malin akasema mama wa ile familia ana jambo linalomshangaza, mtoto hagongi mlango, hata akirudi jioni na baridi yote hii anasimama tu nje mpaka mtu amwone dirishani, akaniuliza kama hata kwetu alikuwa na tabia hiyo. Nikamwangalia Idil, naye akaangalia viatu vyake. Mle ndani ni sisi wawili tu tuliojua.

Sikungoja, Shangazi, niliinuka, nikamshika kichwa, nikamsomea dua, nikamtemea mate utosini kama marehemu mama yangu alivyokuwa akinitemea nikiugua au nikisafiri, mate ya baraka, ili ile laana imtoke. Malin akapiga kelele akaja kutuachanisha. Mkalimani kwenye simu naye anahangaika, "Kuna nini hapo? Jamani, mimi sioni!" Malin akasema maneno yake, mkalimani akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, anasema umemtemea mtoto mate. Ni kweli?" Nikasema ni kweli. Nilidhani ataeleza. Simu ikakatwa, Idil akatolewa kwa mlango mwingine, hata sikuona kama alijifuta au la.

Sasa Jumatano ndiyo wataamua kama nitaendelea kumwona. Deeqa ananiambia, "We mama, sema ulipiga chafya! Watajuaje?" Dada yangu Saafi aliye Nairobi anasema wakinipa tu nafasi ya kutoka naye nje nimpeleke moja kwa moja uwanja wa ndege, "Mlete huku Eastleigh, atanyooka." Mimi naogopa kunyimwa mwanangu, lakini zaidi naogopa ile laana imekwisha kumkaa. Nifanye nini?

Mama asiyelala,
Borlänge

SHANGAZI UBAH ANAJIBU

Mama asiyelala, pole. Barua yako nimeisoma nikaiweka chini nikalia kwanza, kisha nikairudia kwa macho makavu, na macho makavu yameona mengine.

Hayo mate umeyaeleza vizuri, na kila aliyelelewa na bibi wa Kisomali atakuelewa. Ila ndala umeipitisha haraka haraka, "kidogo." Nani alikupimia hicho kidogo? Mtoto hakuondolewa nyumbani kwako kwa sababu ya mate. Aliondolewa kwa sababu alipigwa, na sheria ya huku haina kidogo. Tena nikwambie lingine usilopenda kulisikia: hasira ile ilikuwa ya wanawake waliokucheka chumba cha kufulia. Wao ulishindwa kuwajibu, ukapanda nayo ngazi mpaka kwa Idil.

Deeqa mwambie akafue nguo zake. Ukisema ulipiga chafya, Idil ataambiwa, naye alikuwapo. Na Saafi mwambie mtoto si mzigo. Idil amekwisha kuhamishwa nyumba mara moja. Ukimpandisha ndege kwa hila, utakuwa naye chumba kimoja na hatakuambia neno, na Malin hatakuwa na haja ya kukusikiliza tena maisha yako yote.

Kesho asubuhi piga simu ofisini kwao. Sema unataka Jumatano mkalimani awe ameketi chumbani, mwenye macho, siyo wa kwenye simu. Hilo si upendeleo, ni haki yako kuliomba. Mwombe pia mama mmoja mtu mzima wa msikitini, anayekijua Kiswidi, afuatane nawe aeleze mate ya baraka ni kitu gani. Lakini usianze na mate. Anza na ndala, sema "nilimpiga, na sitampiga tena," kisha sema maneno uliyomtamkia, neno kwa neno. Malin anahangaika na tabia ya mtoto kusimama nje kwenye baridi, na dawa yake unayo wewe. Usimfiche.

Na ujiandikishe darasa la Kiswidi wiki hii hii. Ulimfanya mtoto awe mdomo wako na masikio yako, halafu ukashangaa alipoutumia huo mdomo kujiokoa. Watoto wote wangefanya hivyo. Mimi ningefanya hivyo.

Hiyo laana sasa. Usingoje Jumatano. Jumapili inakuja, una simu yako, na hayo mambo ya viazi yaache. Anayesikiliza na asikilize. Mwambie: "Idil, yale maneno nimeyafuta. Nilikosea mimi, si wewe. Gonga mlango wowote unaoutaka, mama yako yuko radhi nawe." Halafu nyamaza. Usimlilie, usimwambie jinsi unavyoteseka, usimuulize anarudi lini. Asipojibu, rudia tena Jumapili nyingine, na nyingine. Siku mtakayokutana, kabla hujanyoosha mkono kichwani pake, muulize kama anataka kuombewa. Akikataa, kaa chini.

Sitakudanganya, mama. Huenda Idil asirudi kwako mwaka huu. Huenda akakulia kule, akaolewa ukiwa mgeni kama wageni wengine. Nimewaona mama waliofikwa na hayo, na baadhi yao walikuwa wema kuliko mimi. Mpe radhi yako hata hivyo, yote, na usimwambie kamwe kwamba unampa ili arudi.